TAHARIRI: Mtoto Azibaye Masikio si Mkaidi

Mtoto ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Katika misikiti na vyuo vya miji iliyo kwenye njia ya kale ya misafara, tangu Tabora hadi Ujiji, wamo watoto wadogo ambao kipaza sauti kikivuma huziba masikio na kulia. Wengine huikataa kanzu kwa kuwa mshono wa shingoni unawakera, hutapika wakilishwa mlenda, au hupiga mayowe maji ya udhu yakiwagusa uso.

Yasikitisha kwamba watoto hao huhesabiwa watukutu na kucharazwa bakora. Wengine hudaiwa kuwa na jini aikimbiaye adhana, wakafungwa hirizi. Matokeo yake mtoto hukichukia chuo, na mama yake, kwa kuona haya, hukoma kuja msikitini. Tunawapoteza wawili kwa fimbo moja.

Hali hii si ngeni kwa wataalamu. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, A. Jean Ayres, alieleza kwamba ubongo wa baadhi ya watoto haupangi sawasawa yale yaingiayo kwa milango ya fahamu. Sauti tuionayo ya kawaida, kwao ni kishindo. Mguso mwepesi ni maumivu. Huonekana sana kwa watoto wenye usonji, lakini si kila mwenye hali hii ana usonji.

Basi mzazi na atazame: je, kimsumbuacho ni kitu kile kile kila mara? Je, hutulia kikiondolewa? Ikiwa ndivyo, ampeleke kituo cha afya, masikio yakaguliwe kwanza. Ikibidi, wafike Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Nyumbani, avalishwe nguo laini iliyokwisha fuliwa mara nyingi, aonjeshwe chakula kipya kidogo kidogo bila kulazimishwa, na aambiwe kabla ya kumwagiwa maji. Chuoni, mwalimu amkalishe mbali na spika, na amruhusu kutoka nje kidogo anapozidiwa.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiifupisha Sala kwa kusikia kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa Sala yenyewe ilifupishwa, sisi twashindwaje kupunguza sauti ya spika za ndani? Twawaomba maimamu na kamati za misikiti walitekeleze hili kuanzia Ijumaa ijayo, inshaallah.