Jina la binti wa Karnal, na mabinti zetu wa Momela

Ndugu zetu katika imani, anayesimama Momela usiku usio na mbalamwezi, Mlima Meru ukiwa magharibi yake, huona nyota zisizo na idadi. Lakini huko juu kipo kitu ambacho jicho lake halikioni, nacho kina somo kwa kila mzazi.

Baina ya Mirihi na Mshtarii yapo mawe mengi yanayolizunguka Jua, ambayo wataalamu huyaita asteroidi. Mojawapo, namba 51826, liligunduliwa mwaka 2001 huko Palomar, Marekani, na mwaka 2003 likapewa jina la Kalpana Chawla. Mwanamke huyu alizaliwa Karnal, India, akasomea uhandisi wa ndege Chandigarh, akatunukiwa udaktari wa falsafa Marekani mwaka 1988, na mwaka 1997 akasafiri anga za juu kwa mara ya kwanza. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Columbia kilivunjika kikirejea duniani, kwani siku ya kuruka kipande cha povu kilikuwa kimelitoboa bawa lake la kushoto. Wanaanga wote 7 walifariki, na kila mmoja akapewa jiwe lenye jina lake.

Huenda mtu akauliza: je, huu si ushirikina? La hasha. Jina hilo ni kumbukumbu, wala haliabudiwi. Kilichokatazwa ni kupiga ramli kwa nyota; ama elimu ya mwendo wa nyota ndiyo iliyowasaidia wazee wetu kujua kibla na nyakati za sala. Wanazuoni wetu Al-Biruni na Ibn al-Haytham nao wana asteroidi zenye majina yao.

Kalpana hakuwa Muislamu, wala hatumtaji ili dini yake ifuatwe. Tunamtaja kwa kuwa alikuwa binti aliyesoma hadi ukomo wa uwezo wake. Je, binti wa Momela anayefaulu hesabu hupewa nafasi hiyo, au huozwa ili kaka yake asome? Ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka 2022. Kilichobaki ni uamuzi wetu wazazi.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa elimu yenye manufaa humfuata mja hata baada ya kufa kwake. Tusiwanyime mabinti zetu akiba hiyo.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.