Kibadeni: Mchezaji Aliyekuwa Kocha



Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, pita Mtaa wa Msimbazi. Hapo pana jengo la klabu ya Simba. Yanga nao hawako mbali, wako Jangwani.

Abdallah Kibadeni alikuwa mshambuliaji wa Simba. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0. Mabao 3 alifunga yeye peke yake. Wazee wa Yanga hawapendi kukumbushwa siku hiyo.

Baadaye akawa kocha. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Mchezaji hutumia miguu yake mwenyewe. Kocha hukaa nje ya mstari, na watu 11 ndio wafanye lile analoliona yeye. Sisi mabwana shamba twalijua jambo hilo: kulima ni kazi moja, kumfundisha mwenzio kulima ni nyingine.

Mwaka 1993 Kibadeni aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, kombe la klabu za Afrika. Klabu ya Tanzania ilikuwa haijafika fainali ya Afrika kabla ya hapo. Kule Abidjan walitoka 0 kwa 0. Wengi waliona kombe ni letu. Katika marudiano, hapa Dar es Salaam, Stella ya Ivory Coast ikashinda 2 kwa 0.

Ilipita miaka 30 kabla klabu nyingine ya Tanzania kufika fainali ya Afrika. Ilikuwa Yanga, mwaka 2023.