Kinini ya kolesteroli isikatwe pamoja na kontra

Sisi wa sindika mumetuzoea kwa mambo ya mishahara, buti na maski. Leo tunasemea mishipa ya damu, maana huko ku Katuba, Kenya na Ruashi tumechoka kuzika wababa ambao dawa yao ilikuwa inajulikana.

Mafuta inaganda ndani ya mushipa mwaka kwa mwaka. Ukizibwa mushipa wa moyo, mutu anaanguka. Wa kichwa, upande mumoja wa mwili unalegea. Wa muguu, mutu anatembea kidogo, muguu unauma, anasimama, maumivu inapita, anaanza tena. Hii ya mwisho wengi wetu tunaiita rumatizimu ya mine na tunapaka pomade tu.

Kwa mutu ambaye mushipa ulishaziba, kanuni za waganga ziko wazi: statini, dozi ya nguvu, maisha yote. Mwaka 1994, huko Skandinavia, walifuata wagonjwa wa moyo 4,444. Kwa wale waliokunywa simvastatini vifo vilipungua kwa asilimia 30. Kubishana ni juu ya namba. Wamarekani mwaka 2013 waliacha namba ya kufikia, mwaka 2018 wakarudisha 70 kama mpaka wa kuongeza dawa ya pili. Ulaya, mwaka 2019, wakashuka chini ya 55. Waache wabishane. Kwa sisi kuna neno moja la kushika: karatasi ya labo ikiandika "normal", ile ni normal ya mutu muzima, si ya yule aliyeshaanguka. Na namba ikishuka, ni dawa inatumika. Ukiiacha, namba inapanda tena.

Lakini tunaona nini? Katika dispanseri ya kampuni moja, mufanyakazi aliyetoka ajali ya moyo alipewa kinini za mwezi mumoja. Labo ikaonyesha namba nzuri, wakafunga boni. Bibi yake alikuja kwetu na karatasi mbili mukononi: "Baba delege, kama amepona, juu ya nini munganga wa kwanza aliandika maisha yote?"

Swali la huyu mama ndilo swali letu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi na jamaa yake mpaka mwisho wa kontra. Munganga anasema maisha yote, sheria inasema mpaka kontra. Na mutu wa sutretansi, kontra yake ni ya miezi! CNSS inalipa pensheni, posho ya watoto na ajali za kazi. Mushipa wa moyo haumo. Wazee zaidi ya 10,000 waliotoka Gécamines kuanzia mwaka 2003, kwa ile waliita "départ volontaire", walibeba pesa ya mara moja, na hospitali ikabaki nyuma. Leo wako kwa miaka ile mishipa inaziba.

Mwajiri asituambie ni dawa ya matajiri. Simvastatini iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu 2007, na viwanda vingi vinaitengeneza bila jina la biashara. Tena OMS inasema aliyeshapata ajali ya moyo hahitaji kuhesabiwa hatari yake kwanza: aanze dawa.

Wandugu, musigawane kinini na jirani. Musinunue ya kando ya njia, imekaa kwa jua. Nyama za mwili zikiuma sana au mukojo ukiwa mweusi, rudia kwa munganga mbio, usikae kimya.

Na kwa madelege wanaokwenda kwenye mazungumzo ya mukataba wa pamoja, tunaomba muandike hivi: aliyeshaziba mushipa apewe statini za miezi tatu tatu, boni isifungwe kwa sababu labo ni nzuri, na siku kontra inaisha atoke na kinini za miezi sita na barua ya munganga mukononi.