Neno Moja, Maana Mbili

Ndugu zetu wa Visiwani wanaopelekwa kutumikia Morogoro hawaoni haja ya kuuliza lugha. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Waulize nini tena?

Sokoni mtumishi atataka tungule, na mama aliyeteremka na kikapu kutoka Mgeta atamshangaa, kwani yeye anauza nyanya. Hilo ni dogo, kidole kitaonyesha. Hatari imo katika neno wanalolijua wote wawili. Mjini Unguja, aliyekwenda shamba ametoka nje ya mji. Kwa Mluguru, shamba ni kile kipande alicholima mlimani, pengine nyuma ya nyumba yake.

Lugha ya vijana ndiyo yenye mitego zaidi. Katika ofisi moja ya mkoa huu tulimshuhudia kijana aliyetuhumiwa kuiba mbuzi akijibu, "Hiyo ni chai." Kwa vijana wa leo, chai ni uongo. Afisa, mgeni na mtu wa makamo, alijua chai ya kifungua kinywa na ile ya kupokelewa chini ya meza. Akaandika kuwa kijana ametaja rushwa. Shauri la mbuzi likageuka shauri la hongo, na mlalamikaji, mzee wa watu, akaitwa ajieleze.

Tunawataka watumishi, wa Visiwani na wa Bara, wamsomee mwananchi maelezo yake kabla hajatia dole gumba. Mzee yule alipanda mlima mara tatu.