Kamera za Filamu na Nyuso za Watu Gatini

Kumezuka mtindo wa vijana, wageni na wenyeji pia, kufufua kamera za zamani, Pentax K1000, Olympus Trip 35 na mfano wake, wakazitia filamu ya rangi na kushuka nazo gatini Lamu asubuhi na jioni. Kupenda kitu cha kale si kosa. Chombo cha miaka ya sabini kikiwa kingali chafanya kazi ni cha kusifiwa katika zama hizi za kutupa. Neno letu ni juu ya dai wanalolibeba pamoja nacho: ati kamera ya filamu ina heshima kuliko simu, kwa kuwa ndani mna picha 36 tu, basi mpigaji hufikiri kabla ya kubonyeza.

Nasi twauliza: hufikiri nini? Hufikiri mwangaza na bei ya filamu. Yule mama ashukaye mashuani kutoka Mokowe, akiinua buibui lake lisirowe, naye amefikiriwa?

Tazama jambo hili, ndugu msomaji. Mtu akikupiga picha kwa simu, waweza kumfuata ukamwambia, "Nionyeshe," na usipopendezwa, "Ifute mbele yangu." Akikupiga kwa filamu, hakuna cha kuonyeshwa. Picha imelala gizani ndani ya kamera, wala haionekani mpaka filamu isafishwe kwa dawa yenye joto la nyuzi 38, pengine mbali kabisa na Lamu. Huwezi kudai ifutwe hiyo moja. Kufungua kamera juani ni kuunguza na za watu wengine. Kwa hiyo aliyepigwa hana uwezo wowote baada ya kubonyezwa. Idhini yake huombwa kabla, au haikuombwa kabisa. Hiyo ndiyo heshima iliyozidi?

Watajibu kuwa Suratun-Nur, aya ya 27, yataka idhini kwa anayeingia nyumba za watu, na gati si nyumba. Ni kweli gati ni la wote. Lakini Mpwani gani asiyejua kuwa sitara haiachwi mlangoni? Mwanamke hutoka nayo. Na mchukuzi aliye kifua wazi chini ya gunia la saruji naye ana heshima yake. Hakushuka kazini awe pambo la ukuta wa mtu asiyemjua hata jina. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za posta zilipeleka Ulaya sura za wanawake wa pwani yetu, chini yake pameandikwa "mwanamke wa Kiswahili" basi. Mjukuu wake leo atamtambuaje?

Tena filamu yenyewe haikuanza kwa kutufikiria. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa kizungu. Filamu za leo ni bora zaidi, lakini kipimo cha mwanga cha kamera kama K1000 hupima eneo lote la picha kwa pamoja. Kikielekezwa kwenye kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa saa sita mchana, hudhani mwanga ni mwingi mno, na uso mweusi hutoka kama kivuli. Basi huyo anayeiba picha kutoka mbali hupata kanzu nzuri isiyo na mwenyewe!

Aombaye idhini hupata na picha iliyo bora. Atamkaribia mtu, atamsalimu, atamwomba asogee kwenye kivuli cha baraza, apime mwanga usoni pake wala si ukutani. Filamu ya kasi ya 200 aipime kama ya 100. Filamu ya rangi ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Na akiambiwa hapana, majahazi yapo, punda wapo, na maji hayakatai.

Kisha nakala moja irudi Lamu kwa mwenye uso. Aliyeweza kununua filamu na kulipia kusafishwa kwake asitwambie kuwa karatasi moja imemshinda. Na wanaoleta wapiga picha siku za Maulidi wawaeleze wageni wao haya kabla hawajapanda mashua Mokowe, wasingoje mpaka watu wagombane gatini.