Daftari la wiki: Sauti isiyo na lebo

Ombi kwanza, maana limenikaa kooni: ukimpa mtu faili la sauti ghafi, mwandikie lilivyorekodiwa. Mistari miwili inatosha.

*

Wiki hii nimeletewa faili la mahojiano ya zamani lililotolewa kwenye kanda. Jina lake linaishia na “raw” na hakuna maelezo mengine yoyote. Aliyelituma alidhani kompyuta itajua yenyewe. Haijui, wala haiwezi kujua.

Sauti ghafi ni safu ya namba tupu. Kompyuta hupima kimo cha wimbi la sauti mara maelfu kila sekunde, na kila kipimo, yaani sampuli, huandikwa kama namba. Kwenye CD, ambayo Sony na Philips waliitoa mwaka 1982, sampuli ni 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli, na kila moja ina biti 16: namba yoyote kuanzia -32,768 hadi 32,767. Kwa chaneli mbili hiyo ni baiti 176,400 kila sekunde, karibu megabaiti 10.6 kwa dakika. Sauti yote imo humo. Kisichomo ni habari za sauti yenyewe: ilipimwa kwa kasi gani, ina chaneli ngapi, sampuli ni za biti ngapi, na katika kila namba ni baiti ipi inayotangulia.

Kwa hiyo inabidi ubahatishe, na sikio ndilo hakimu. Programu ya Audacity ina sehemu ya kuingiza data ghafi, na maswali yake makuu ni hayo hayo manne. Ukisikia mtu anaongea mbio kwa sauti nyembamba, ama umeweka kasi maradufu, ama sauti ya chaneli moja umeihesabu kuwa ya mbili. Sauti ikizama na maneno yakaburuta, rudi upande wa pili. Ukipata kelele ya mvua kubwa juu ya bati, huku kwa mbali kama kuna mtu anayesema, geuza mpangilio wa baiti, au sogeza mahali pa kuanzia kusoma kwa baiti moja. Na kabla ya yote hayo vua spika za masikioni, kwa sababu kelele hiyo hutoka kwa nguvu yote na huumiza kweli.

Kisha unabadilisha kitu kimoja cha mwisho, na mzee anakohoa, anavuta kiti, anaanza kusimulia. Nimeshafanya kazi hii kwa muda mrefu na bado moyo hunidunda kila inapotokea.

Lakini jasho lote hilo lingeepukwa kwa baiti 44. Huo ndio ukubwa wa kichwa cha kawaida cha faili la WAV, muundo ulioletwa na IBM na Microsoft mwaka 1991. Humo huandikwa kasi, chaneli na biti, kisha namba zile zile zinafuata kama zilivyo. Anayekata kichwa hicho ili “kupunguza ukubwa” hapunguzi chochote cha maana, na mwenzake anamwachia fumbo.

*

Nimesema na ninarudia: kugeuza MP3 kuwa WAV hakurejeshi kitu. MP3 hupata udogo wake kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio linatarajiwa lisizihisi. Kilichotupwa kimekwenda. WAV utakayopata ni kubwa zaidi, na ni ile ile.

*

Programu ya kurekodi isiyoonyesha popote inarekodi kwa kasi gani. Kwa nini?

*

Kwa vijana wanaoandika programu: 32,767 ukiongeza 1 katika biti 16 unapata -32,768. Wimbi linatoka kileleni hadi shimoni mara moja, na spika inapasua. Mkichanganya sauti mbili, jumlisheni katika namba pana zaidi, kisha mpunguze ndipo mrudi kwenye 16.

*

Karani aliandika “Faida” kwenye fomu, na mama aliyepiga simu alikuwa amesema “Saida”. Simlaumu karani. Simu ya kawaida huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hakuna kinachoweza kubebwa juu ya hezi 4,000. Sehemu kubwa ya kinachotofautisha S na F iko huko juu.

Kuna baya zaidi. Ukishusha sauti hadi sampuli 8,000 kwa kuruka namba tu, bila kuchuja kwanza, zile sauti za juu haziondoki: mlio wa hezi 5,000 hurudi ukiwa 3,000, katikati ya maneno ya watu. Chuja, ndipo ushushe. Tafadhali.

*

Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Ninaposikia kazi za wakati huo zikisambazwa kwa MP3 nyembamba iliyotolewa kwenye MP3 nyingine, ninahuzunika. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, linaelekeza kwamba rekodi za zamani zihamishwe kwa biti 24 na angalau sampuli 48,000. Ukienda hadi 96,000 kwa chaneli mbili, saa moja hula takriban gigabaiti 2, na WAV ya kawaida, yenye kikomo cha gigabaiti 4, hujaa baada ya saa mbili hivi. Diski zinanunulika. Kanda zinaoza, na mashine za kuzisomea zinazidi kuwa adimu.

*

Msomaji ameomba amri ya kugeuza faili ghafi kuwa WAV. Kama ni biti 16, baiti ndogo ikitangulia, kasi 16,000, chaneli moja, andika hivi kwenye FFmpeg:

ffmpeg -f s16le -ar 16000 -ac 1 -i mahojiano.raw mahojiano.wav

Maelezo yakae kabla ya “-i”. Hapo unaieleza programu faili lilivyo, na haigusi sampuli hata moja. Inaongeza kichwa tu. Ukiweka “-ar” nyingine baada ya jina la faili la kwanza, umeomba kasi mpya, na sampuli zote zitakokotolewa upya.