Tangazo Libandikwe Kabla Mlango Haujafunguliwa

Ndugu zangu wa Hadado,

Nawaandikia kutoka London kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la watu wa Nairobi na Nakuru: leseni za vileo, za miraa na za vibanda vya video. Hoja inayosikika kwetu ni fupi: pombe ni haramu, hapa hakuna baa, basi leseni inatuhusu nini? Mimi naona inatuhusu sana. Leseni ikiwekwa sawasawa haimnufaishi muuzaji peke yake, kwa maana humpa jirani nafasi ya kusema kabla mlango haujafunguliwa. Mji unaoukwepa utaratibu huo hauzuii biashara hizo. Unajinyima sauti tu.

Huku London, chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, anayetaka kuuza pombe au kupiga muziki usiku hubandika tangazo la samawati hafifu mbele ya jengo lake kwa siku 28, akaeleza anachotaka kuuza au kufanya na siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi. Halmashauri hupima ombi kwa mambo manne: uhalifu na fujo, usalama wa umma, kero kwa majirani na ulinzi wa watoto. Linganisheni na miraa. Hadi 2014 iliuzwa hapa kihalali, lakini mafrishi, yaani vijiwe vya kutafunia, havikudaiwa leseni ya aina hiyo. Duka la pombe likitaka kubadili saa zake lilipaswa kuomba. Mafrishi ikifunguliwa chini ya nyumba ya watu, jirani hakuwa na tangazo la kusoma wala kikao cha kuendea. Familia za Kisomali zilizochoshwa na kero zikabaki na mambo mawili: kuvumilia au kudai marufuku. Mwaka 2013 baraza linaloishauri serikali kuhusu dawa za kulevya lilipendekeza miraa isipigwe marufuku. Serikali ikaipiga marufuku hata hivyo, tarehe 24 Juni 2014. Njia ya katikati, ya kupanga saa, umri wa mnunuzi na umbali kutoka shuleni, haikuwahi kuwekwa kwenye sheria ya nchi.

Nyumbani Kenya nako kuna ushahidi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980, na miaka 30 baadaye Bunge likaifuta sheria hiyo, kwa kuwa kinywaji hakikutoweka. Kiliingia vichochoroni, kisipimwe na mtu wala kujulikana kimechanganywa na nini. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, ambayo ni aina ya miraa, zikitaja madhara kwa vijana. Kabla mwezi haujaisha, Mahakama Kuu ya Embu ilikuwa imesimamisha marufuku hizo hadi kesi isikilizwe, na serikali kuu ikashikilia kwamba zao linalotambuliwa na Sheria ya Mimea haliwezi kufutwa na kaunti. Uchungu wa wazazi wa Pwani ulikuwa wa kweli, ila chombo walichopewa kilikuwa dhaifu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti leseni za biashara, leseni za vileo, sinema na maonyesho ya video. Mamlaka ya kusema wapi, saa ngapi na kwa nani ni imara kuliko tamko la kusema hapana kabisa.

Najua jibu la kwanza: kuweka utaratibu wa leseni ni kuhalalisha haramu. La hasha. Utaratibu wa kuomba ni pia utaratibu wa kukataliwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ijulikanayo kama Sheria ya Mututho, inataka maombi yatangazwe hadharani, inampa yeyote haki ya kupinga, na inaikataza kamati kutoa leseni mpya mpaka iridhike kwamba mahali hapo pana haja ya kileo na maslahi ya umma yanaruhusu. Maana yake ni kwamba anayetaka kufungua baa Hadado ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha haja hiyo. Sheria hiyo imeweka pia umbali usiopungua mita 300 kati ya baa na mahali wanaposoma walio chini ya miaka 18. Mahakama ya Kadhi haitatusaidia hapa, kwani Katiba imeifungia kwenye ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Pingamizi lililoandikwa na kupelekwa kwa wakati litafika pale ambapo hutuba ya Ijumaa haifiki.

Jibu la pili ni kwamba wazee wapo na maslaha, yaani usuluhishi wao, yanatosha. Maslaha yana heshima yake, na ugomvi mwingi umezimwa nayo. Lakini hayamfungi mfanyabiashara aliyekuja na lori kutoka mbali wala askari anayehamishwa, na mama au kijana mara nyingi hana kiti pale. La tatu ni zito zaidi: leseni itawaumiza akina mama wanaouza miraa na kuwa mradi wa hongo. Hatari hiyo ipo ikiwa leseni itatolewa chumbani. Ila leo mama asiye na karatasi ndiye anayemwagiwa mzigo na askari yeyote, kila mmoja kwa bei yake. Mwenye leseni ana masharti yanayojulikana, na chini ya Kifungu cha 47 cha Katiba ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi akiathiriwa na uamuzi wa ofisi. Ada iwe ndogo kwa mwenye meza moja, na orodha ya waliopewa ibandikwe pale pale palipobandikwa maombi. Hongo hustawi pale ambapo hakuna anayejua nani ameomba.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, mwakilishi wa wadi akiitisha kikao au kaunti ikileta mswada. Tangazo la kila ombi, la kileo, miraa au kibanda cha video, libandikwe kwa Kisomali na Kiswahili kwenye ofisi ya chifu, sokoni na nje ya msikiti, tena lisomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma. Saa za kuuza zisigongane na saa za shule. Na duksi, yaani chuo cha Kurani, ihesabiwe kuwa mahali pa kusomea, ili umbali unaomlinda mtoto wa shule ya msingi umlinde pia akiwa na lohi yake, ubao wa kujifunzia Kurani. Hakuna hata moja linalotaka tulegeze dini yetu. Yote yanataka tufike kikaoni, tukiwa na pingamizi mkononi, kabla uamuzi haujatolewa.

Wabillahi tawfiq,
Ndugu yenu, London